Kongo ni Kubwa Kuliko Groenland: Namna Ramani ya Ukutani Inavyotuchanganya

Leo tuko na swali moja, na tunaomba ulijibu kwanza bila kufungua simu: kati ya inchi yetu ya Kongo na Groenland, kile kisiwa kikubwa cha barafu huko kaskazini karibu na Kanada, kipi ni kikubwa zaidi?

Kama unafuata ile ramani ya dunia tuliyoizoea mu kilasi tangu masomo ya msingi, hakuna hata mashindano. Pale Groenland inaonekana karibu sawa na Afrika nzima, na Kongo ingeweza kuingia ndani yake zaidi ya mara 10. Sasa angalia hesabu yenyewe. Groenland iko na kilometa za mraba karibu 2 166 000. Kongo iko na 2 345 000. Ndiyo, umesoma vizuri. Kongo peke yake inaishinda Groenland, na bado inabakiza nafasi ya kuweka Rwanda, Burundi, Ubelgiji na Uholanzi. Afrika nzima, yenye kilometa za mraba milioni 30 na kidogo, ni Groenland mara 14.

Watu wengi wakisikia hivyo wanasema mara moja: kumbe Wazungu walitupunguza! Ngoja kwanza. Maneno hayo yanasambazwa sana kwenye mitandao, na yako na ukweli fulani ndani, lakini yamesemwa kinyume. Hebu tuanze na chungwa.

Chukua chungwa, limenye polepole ili ganda libaki kipande kimoja, halafu jaribu kulilaza juu ya meza lipate kuwa bapa kama karatasi. Haliwezi. Litapasuka pembeni, ama utalazimika kulivuta na kulikandamiza. Dunia yetu iko vilevile: ni duara, na karatasi ni bapa. Mwaka 1827 mwanahesabu Mjerumani Carl Friedrich Gauss alithibitisha kwa hesabu kwamba hakuna ujanja wowote wa kuulaza uso wa mpira juu ya karatasi bila kuuharibu mahali fulani. Ukilinda ukubwa, utaharibu umbo. Ukilinda pembe na maelekeo, utaharibu ukubwa. Unaweza pia kuharibu vyote kidogokidogo. Kwa hiyo kila ramani ya dunia nzima, hata ile inayoshangiliwa leo, iko na uongo ndani yake. Cha kuuliza ni uongo gani umechaguliwa, na kwa kazi gani.

Ramani tuliyoizoea ilichorwa na Gerardus Mercator. Alizaliwa mwaka 1512 Rupelmonde, sehemu ambayo leo iko Ubelgiji, akasoma Louvain, chuo kilekile ambacho karne nne baadaye kilizaa Lovanium ya Kinshasa, mwaka 1954. (Wazee wetu waliopita Lovanium wanaweza kusema Mercator ni mwanafunzi mwenzao wa zamani, na hawatakuwa mbali sana na ukweli.) Maisha yake hayakuwa mepesi. Mwaka 1544 alifungwa gerezani miezi kadhaa kwa kushukiwa kwamba imani yake si ya Kikatoliki safi. Mwaka 1552 alihamia Duisburg, Ujerumani, na huko ndiko alitoa ramani yake kubwa ya dunia mwaka 1569. Ilichapwa kwenye karatasi 18 za kuunganishwa, na ndani ya kichwa chake kirefu cha Kilatini aliandika wazi kwamba ni kwa matumizi ya wasafiri wa bahari. Hayo maneno ya mwisho tuyashike, kwa maana ndiyo watu waliyasahau.

Kapiteni wa meli wa wakati ule alikuwa na dira ya kumwonyesha kaskazini, na hakuwa na mengi zaidi. Alitaka karatasi ambayo akichora mstari ulionyooka kutoka bandari moja mpaka ingine, akapima pembe kati ya mstari ule na kaskazini, aweze kuishika pembe ileile njia yote mpaka afike. Kwenye ramani za mbele yake jambo hilo halikuwezekana: mstari ulionyooka wa karatasi ulikuwa unamtupa pembeni, na pembeni kwa baharini ni kwenye miamba. Mercator alilitatua. Mpaka leo ramani nyingi za mabaharia zinafuata mbinu yake, na hakuna mtu mwenye akili anayewaomba waiache. Kama kifaa cha kazi, ni kazi safi kabisa.

Alilipa bei gani? Hapa njo kiini cha mambo, na si vigumu.

Mstari wa ikweta unaizunguka dunia kwa kilometa karibu 40 000. Panda kaskazini mpaka kwenye mstari wa digrii 60, ule unaopita karibu na Oslo, Helsinki na Saint-Pétersbourg. Pale mzunguko umebaki kilometa karibu 20 000 tu, nusu yake, juu dunia inajikunja kuelekea ncha. Lakini kwenye ramani ya Mercator mistari hiyo miwili imechorwa na urefu sawasawa, toka ukingo wa kushoto mpaka ukingo wa kuume. Maana yake inchi za kule Oslo zimevutwa upande kwa upande mara 2. Kama angeishia hapo, maumbo na pembe vingeharibika, na kapiteni angepotea. Kwa hiyo Mercator alizivuta pia toka chini kwenda juu mara 2. Mara 2 upana, mara 2 urefu: eneo limeongezeka mara 4.

Ukiendelea kupanda, inakuwa mbaya zaidi. Kwenye digrii 70 eneo linaongezeka zaidi ya mara 8. Kwenye digrii 80, karibu mara 33. Waliosoma hesabu mu sekondari watakumbuka cosinus: gawanya 1 kwa cosinus ya latitudi, kisha zidisha jibu kwa lenyewe, utapata eneo limevimba mara ngapi. (Mercator mwenyewe hakuieleza hesabu yake, ni Mwingereza Edward Wright aliyeichapa mwaka 1599.) Kwenye ncha yenyewe jibu halina mwisho, na njo maana ramani ya Mercator haionyeshi ncha hata siku moja. Karatasi ingepaswa kuwa ndefu milele. Wachapishaji wanakata tu mahali wanapoona inatosha, na kwa kawaida wanakata sana upande wa kusini, juu kule kuko Antaktika na barafu tu, na wanabakiza kaskazini. Matokeo yake ikweta, ambayo inapaswa kuwa katikati, inashuka chini. Angalia ramani nyingi za ukutani utaliona hilo: Ulaya imekaa karibu na katikati, sisi tumesukumwa chini.

Sasa Kongo iko wapi katika hayo yote? Iko juu ya ikweta yenyewe. Mstari unapita karibu na Mbandaka, na pia karibu na Butembo. Inchi yetu inaanzia kama digrii 5 kaskazini na kuishia kama digrii 13 kusini kule karibu na Sakania. Katika eneo hilo Mercator anavuta kidogo sana, hata asilimia 6 haifiki mahali popote. Kwa hiyo ramani haikutupunguza hata kidogo. Sisi tumechorwa karibu kwa kipimo chetu cha kweli. Ni wengine waliovimbishwa, kila mmoja kulingana na umbali wake na ikweta, na jicho likituweka kando yao linatuona wadogo. Ni sawa na kupiga picha na watu waliopanda juu ya viti.

Tutoe mifano, juu hesabu bila mifano haikai kichwani.

Ubelgiji. Tulizoea kusikia kwamba Kongo ni Ubelgiji mara 80. Ukipiga hesabu vizuri, kwa kilometa za mraba 30 500 za Ubelgiji, unapata kama mara 77, si mbaya. Lakini Ubelgiji iko kwenye digrii 50 na kidogo, na pale Mercator anavimbisha eneo karibu mara 2 na nusu. Kwa hiyo kwenye ramani jicho lako linaona Kongo kama Ubelgiji mara 31 hivi. Zaidi ya nusu ya tofauti imemezwa na karatasi.

Norwe, Uswidi na Finlandi. Kwa ramani zinaonekana kama kitu kikubwa sana kinachoning'inia juu ya Ulaya, kinapita Kongo mara mbili. Ukizijumlisha zote tatu hazifiki hata kilometa za mraba milioni 1 na laki 2. Kongo ni karibu mara mbili yake. Alaska nayo inaonekana inalingana na Brazili nzima. Kwa kweli Alaska ni ndogo kuliko Kongo, na Brazili inaipita karibu mara 5. Madagaska na Uingereza zinaonekana kama mapacha. Kumbe Madagaska ni zaidi ya mara mbili.

Urusi na Afrika? Weka dau na rafiki yako, utakula bia ya bure. Ramani inaonyesha Urusi inaimeza Afrika. Urusi iko na milioni 17, Afrika 30. Mwaka 2010 mchoraji wa kompyuta Kai Krause alitoa picha moja iliyozunguka dunia nzima, ambapo alipanga Marekani, Uchina, India na sehemu kubwa ya Ulaya ndani ya Afrika kama vipande vya mchezo wa kuunganisha. Wengi walidhani ni utani. Piga hesabu mwenyewe: Marekani kama milioni 9 na nusu, Uchina 9 na nusu tena, India 3 na kidogo. Jumla ni kama milioni 22. Bado kuna milioni 8 zinakungoja.

Na kwetu ndani: Katanga ya zamani, kabla haijagawanywa majimbo manne mwaka 2015, ilikuwa na kilometa za mraba karibu 497 000. Hispania iko na kama 505 000. Mtu wa Lubumbashi aliyeenda Kalemie kwa barabara hahitaji kuelezwa zaidi.

Kuna watakaosema: sawa, lakini ukubwa unatusaidia nini? Ukubwa haujajenga barabara. Tunakubali. Sisi hatuandiki ili watu wajisifu kwa kilometa. Tangu Sudani ilipogawanyika mwaka 2011 sisi ni wa pili Afrika nyuma ya Aljeria, na bei ya unga haikushuka kwa ajili hiyo. Shida ni ingine: mtu ambaye hajui ukubwa wa mahali anakosea kuhesabu umbali, muda na feza.

Toka Kinshasa mpaka Lubumbashi, kwa mstari ulionyooka kama ndege, ni zaidi ya kilometa 1 550. Toka Bruxelles mpaka Madrid ni kama 1 300, na katikati unavuka Ufaransa nzima. Lakini kwenye ramani ya Mercator, safari ya Bruxelles na Madrid inaonekana kama ndefu kuliko yetu. Mtu aliyekaa kwenye ofisi ya mbali, anayepanga mradi wa chanjo ama wa vitabu vya shule, akiwa na ramani hiyo nyuma ya kiti chake, atasema jimbo moja ni jimbo moja, weka gari mbili. Bas-Uélé ni jimbo moja. Ni Ubelgiji karibu mara 5, na mito ndani, na barabara tunazijua. Tena si wageni peke yao. Sisi wenyewe tuliosoma, tukiandika miradi, mara ngapi tunaweka siku tatu kwa kazi ya mwezi?

Mfano mkubwa zaidi ni Ebola ya mwaka 2014. Ugonjwa ulikuwa Guinea, Liberia na Sierra Leone. Watalii wakaanza kufuta safari za Kenya na Tanzania, hoteli zikapungukiwa na wageni. Sasa pima: toka Freetown mpaka Nairobi ni zaidi ya kilometa 5 500. Toka Freetown mpaka Madrid haifiki 4 000. Hispania ilikuwa karibu zaidi na ugonjwa kuliko Kenya, na hakuna aliyefuta likizo yake ya Hispania kwa sababu ya umbali huo. Miaka minne baadaye, Agosti 2018, Ebola ikatangazwa Kivu ya Kaskazini, na mtu wa Kinshasa akawa anapigiwa simu toka ngambo: bado uko mzima? Beni na Kinshasa zinaachana kwa zaidi ya kilometa 1 600. Hatusemi ramani peke yake ndiyo ilileta woga huo. Kuna mengine mengi, na ubaguzi uko ndani. Lakini kichwa ambacho tangu utoto kimeona Afrika kama kipande kidogo hakishangai kusikia kwamba Afrika yote ni mtaa mmoja.

Je, Mercator alikuwa na nia mbaya? Sisi tunaona hapana. Mwaka 1569 alikuwa anawatengenezea mabaharia kifaa, na kifaa hicho kinavimbisha Groenland kuliko Ulaya ya kwao. Lawama iko kwa waliokuja baadaye, wachapishaji na wizara, waliochukua karatasi ya melini wakaibandika ukutani mwa shule, mahali ambapo hakuna mtoto hata mmoja anayeendesha meli. Hapo haikuwa tena bahati mbaya, juu ramani zingine zilikuwepo.

Mmoja aliyepiga kelele sana ni Mjerumani Arno Peters. Mwaka 1973, mbele ya waandishi wa habari Bonn, alionyesha ramani ambayo kila inchi iko na eneo lake la haki. Alisema ya Mercator inawapendelea matajiri. Wanajiografia wengi walikasirika, kwanza kwa kuwa ramani ile ilikuwa karibu sawa na ile ya mchungaji wa Scotland, James Gall, ya mwaka 1855. Pili kwa kuwa inaharibu maumbo vibaya sana. Na hapa kuko kichekesho. Ramani ya Gall na Peters inalinda umbo la kweli kwenye digrii 45 tu, yaani mahali kama Bordeaux na Turin. Kwenye ikweta inavuta kila kitu kwenda juu: Kongo inatoka ndefu mara mbili kuliko upana wake wa haki, kama shati lililoning'inizwa likiwa na maji. Ramani ya kututetea, halafu umbo zuri limebaki Ulaya! Hata hivyo ilileta mazungumzo, na mwaka 2017 shule za serikali za Boston, Marekani, zilianza kuiweka kwenye madarasa kando ya Mercator.

Leo kuna njia bora. Mwaka 2018 wachoraji watatu, Bojan Šavrič, Tom Patterson na Bernhard Jenny, walitoa ramani inayoitwa Equal Earth: maeneo yote ni ya haki, na maumbo hayatishi. Haifai kuongozea meli, na haikutengenezwa kwa hiyo. Mwezi wa Agosti 2025 Umoja wa Afrika uliunga mkono kampeni ya kuomba serikali na mashirika yaachane na Mercator kwa ramani za dunia na kutumia za namna hiyo. Google nayo, tangu 2018, ukiiangalia kwenye kompyuta na kurudi nyuma sana, inakuonyesha dunia ya duara. Na kwa mwenye intaneti, kuna tovuti ya The True Size: unaishika Kongo kwa kidole, unaisukuma mpaka juu ya Ulaya, unaona yenyewe inavyovimba na kufunika kila kitu. Wapeleke watoto pale, watacheza saa nzima.

Kama uko mwalimu ama mzazi na hujui ramani yako ni ya namna gani, usihangaike kutafuta maandishi madogo ya pembeni. Tazama Groenland, kisha tazama Kongo. Kama Groenland ni kubwa mara nyingi, hiyo ni Mercator ama ndugu yake. Kama Kongo na Afrika zimerefuka kama mtu mgonjwa, ni ya Peters. Kama zinalingana na pembe za ramani zimekatwa ama zimeviringika kidogo, hiyo inaweza kukufaa. Kama shule haina feza ya kununua ingine, ile ya zamani ibaki ukutani, lakini mwalimu aandike kando yake kwa chaki namba mbili: 2 345 000 na 2 166 000. Watoto watauliza wenyewe.

Na ile ramani ya Kongo peke yake, yenye majimbo na mito, usiitupe. Juu tuko kwenye ikweta, mbinu yoyote ya kawaida iliyotumika kuichora inatupa karibu kipimo cha haki, toka Gbadolite mpaka Sakania. Hiyo unaweza kuipimia umbali na rula yako bila wasiwasi, mradi usome vizuri kipimo kilichoandikwa chini.